Jibu la Mtu Mwingine

Simu ya mezani ililia saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Fundi aliiacha ilie mara tatu, kwa sababu alikuwa na raha, na raha ya kazini ni adimu, ukiipata huikimbizi.

Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, kulikuwa na mstari wa kijani unaoonyesha muda anaosubiri mgonjwa kabla ya kujibiwa. Wiki nzima iliyopita mstari ule ulikaa juu, kwenye sekunde kumi na moja, kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka. Leo tangu alfajiri ulikuwa umeporomoka hadi karibu na sakafu. Fundi aliutazama, akaupiga picha kwa simu yake, kisha akautazama tena.

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina. Siku yake ya kwanza kazini alikuta feni ya dari imegoma, akapanda juu ya meza na bisibisi, akaitengeneza kabla hata hajaonyeshwa pa kukaa, na tangu hapo akawa Fundi. Ni jina zuri, ila lina ubaya wake: ukishaitwa Fundi, huwezi tena kusema hujui.

Mfumo waliokuwa wakiutunza ulikuwa wa kugawa viti vya kusafishia damu. Mtu ambaye figo zimemgomea hukalishwa kitini, akaunganishwa na mashine kwa mirija miwili, akakaa saa nne nzima damu yake ikitoka, ikisafishwa, ikirudi. Akikosa mara moja, anavumilia. Akikosa mara mbili, maji yanamjaa mwilini mpaka yanagonga hodi kwenye mapafu. Mashine ni chache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, viti vya siku hiyo hufunguliwa kwenye simu, na anayewahi ndiye anayepata. Si utaratibu wa haki sana, lakini ndio uliokuwepo.

Mama yake Fundi alikuwa mmoja wa wanaowania viti hivyo. Ijumaa, yeye na mdogo wake anayeishi naye, ambaye Fundi alimwita mama mdogo, waliamka mapema wakakaa na simu katikati yao kama watu wanaoota moto. Wakabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na kilipoacha kuzunguka viti vilikuwa vimekwisha. Jumamosi na Jumapili kituo hufungwa. Kwa hiyo mara ya mwisho mama kusafishwa damu ilikuwa Jumatano, na leo ilikuwa Jumatatu. Miguu ilivimba hata viatu havikumwingia, na alilala amekaa, ameegemea mito mitatu, kwa sababu akijinyoosha chali alihisi anazama.

Fundi aliposikia habari za kile kiduara, aliona aibu ambayo hakuweza kumweleza mtu. Kiduara kile kilikuwa kazi yake.

Tatizo lenyewe alilijua zamani. Programu ya simu iliita kazi zilizoko kwenye seva ya mbali, mji mwingine kabisa, kana kwamba ziko chumba cha pili: kuna kiti? nani yuko zamu? kituo kinafungwa saa ngapi? Kila swali lilifungwa ndani ya bahasha, likasafiri njia nzima, likafunguliwa huko, likajibiwa, likarudi. Njiani kulikuwa na mashine ya kati ambayo kazi yake ni kutunza nakala za majibu, ili swali lililokwisha kujibiwa lisiende tena kuisumbua seva. Lakini mashine ile haifungui bahasha za watu. Ilikaa pale miaka yote kama mlinzi wa mlangoni anayejua kila kitu na haulizwi chochote.

Alichofanya Fundi mwisho wa juma ule ni kuyatoa maswali kwenye bahasha. Aliyaandika upya moja baada ya jingine, swali lote likakaa juu, kwenye anwani, pale ambapo mashine ya kati inaweza kulisoma: kituo fulani, siku fulani, zamu fulani. Wa kwanza kuuliza angesubiri sekunde zake kumi na moja. Wa pili, akiuliza swali lile lile ndani ya dakika moja, angepewa nakala papo hapo. Na aliyagusa maswali ya kuuliza tu. Yale yanayobadilisha kitu, kama kufuta nafasi au kuhama kituo, aliyaacha kwenye bahasha zake, maana huwezi kumjibu mtu "nimeshakufutia" kwa nakala ya jibu la mwenzake. Hilo kila mtu wa kazi ile analijua, na yeye alilijua kuliko wengi.

Ili asikosee, Jumamosi alimpigia Mkongwe, mzee mpole wa ofisini aliyeandika mfumo ule tangu mstari wa kwanza.

"Shikamoo mzee. Hii kazi ya kuna-kiti, inauliza tu, au kuna kitu inafanya?"

"Marahaba. Inauliza tu," alisema Mkongwe, akisikika anatafuna.

Kisha Fundi akajaribu kwenye seva ya majaribio. Alijaribu mara ishirini, thelathini, na kila mara jibu lilikuja upesi na lilikuja sahihi. Akaomba kibali aanzie kituo kimoja kidogo, akapewa, akachagua kituo cha mama yake; ule mstari wa kijani ulikuwa wa kituo hicho. Na kadi aliyoitumia kujaribia, mara zote hizo, ilikuwa ya mama yake. Nani wa kumlaumu? Alitaka awe na hakika kwamba kwa mama, walau kwa mama, kitu hakitakwama.

Asubuhi ya leo alimwombea kiti mwenyewe, amesimama jikoni kwake na mswaki mdomoni. Jibu lilikuja kabla hajanyanyua kidole. Kiti namba nne, saa nne asubuhi, na namba ya uthibitisho chini yake. Akampigia mama amwambie avae, kiti ni chake, kisha akaenda kazini akicheka peke yake barabarani. Wahenga wana methali yao kuhusu haraka. Kila mtu anaijua, kwa hiyo sitamchosha mtu.

Sasa simu ilikuwa inalia mara ya nne. Akainyanyua.

"Chumba cha mafundi."

"Habari za kazi. Hapa ni kituo cha kusafishia damu, muuguzi wa zamu." Ilikuwa sauti ya mtu anayejizuia kupaza sauti. "Nina kiti kimoja na watu wawili."

"Mmoja atakuwa amekosea saa, Sista. Waangalie namba za uthibitisho."

"Nimeziangalia. Nimewafanya wasomeane wenyewe kwa wenyewe. Baba mmoja na mama mmoja, kiti namba nne, saa nne, namba ile ile mpaka ya mwisho."

Vidole vya Fundi vikaanza kuandika kabla hajaviambia viandike.

"Ubaoni kwako linaonekana jina la nani?"

"Majina si mliyaondoa ninyi wenyewe, mkasema siri za wagonjwa? Naona namba ya uthibitisho tu. Ndiyo maana nakupigia."

Nyuma ya sauti ya muuguzi mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kinachopanda polepole, kikafika mahali, kikakwama, kikaanza upya. Fundi alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekisikiliza mwaka mzima kupitia ukuta, kabla hajahamia mji huu wa kazi.

"Jamani!" sauti ya mama mdogo ilidakia kutoka huko huko. "Hiyo si sauti ya mtoto wetu?"

"Nyamaza wewe," mama akasema.

Kumbe muuguzi alikuwa ameweka spika, mikono yake ikiwa na glavu. Chumba kizima kilikuwa kinasikia. Mama angeweza kusema, mwanangu, ni mimi. Hakusema. Alinyamaza kile kimya chake ambacho Fundi alikijua tangu utotoni, kimya cha mama anayengoja ufanye unachotakiwa kufanya bila kuambiwa.

"Nani yuko kitini sasa hivi?" Fundi aliuliza.

"Mama ameshakaa. Nimempima uzito, sijamchoma sindano. Baba amesimama mlangoni na mkewe. Niambie upesi, mashine imeshatayarishwa, na kila dakika ninayopoteza naikata kwa mgonjwa wa zamu ya mchana."

"Nipe dakika tano, Sista."

"Nakupa tatu. Sikati simu."

Fundi aliweka mkono wa simu mezani, uso juu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akafungua daftari la seva, lile linaloandika kila ombi lililopita, nani ameuliza, saa ngapi, amejibiwa na nani. Akashuka hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Mistari ilikuwa miwili. Saa kumi na mbili na sekunde arobaini na moja, kadi ya mwanamume: ombi limefika kwenye seva, jibu limechukua sekunde kumi na moja. Saa kumi na mbili, dakika moja na sekunde tano, kadi ya mama yake: limejibiwa njiani, kwa nakala, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye seva halikufika kabisa.

"Mzee," aliita. Mkongwe akainuka polepole kutoka meza ya pili, kikombe cha chai mkononi. "Mbona hii imeshika kiti? Ulisema inauliza tu."

Mkongwe aliinama akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena, na uso wake ukazeeka zaidi ya ulivyokuwa.

"Miaka sita nyuma," alisema kwa sauti ya chini, "watu walikuwa wanaambiwa kiti kipo, wakibonyeza kukichukua wanakuta kimekwenda. Wakalia sana. Nikaona niwasaidie: ukiuliza, kikiwepo, nakushikia hapo hapo na kukupa namba ya uthibitisho. Ulikuwa mstari mmoja tu. Nilisahau, mwanangu. Haki ya Mungu nilisahau."

Fundi hakuwa na nafasi ya kumkasirikia mtu, na hata angekuwa nayo, hasira yenyewe angegawana naye nusu kwa nusu. Kwani jina la anayeuliza halikuwamo kwenye anwani aliyoiandika yeye. Lilisafiri pembeni, ambako mashine ya kati haiangalii. Kwa mashine, baba yule na mama huyu walikuwa mtu mmoja aliyeuliza mara mbili. Angejaribu kwa kadi mbili tofauti, mbili tu, angeliona kosa Jumamosi ile ile kabla chai haijapoa. Alijaribu mara thelathini kwa kadi moja, na kila mara mama alipewa jibu la mama.

Ule upesi uliomchekesha barabarani ulikuwa jibu la mtu mwingine.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkuu wa idara. Huyu aliitwa Bwana Sekunde, kwa tabia yake ya kuuliza kila kitu kinachukua sekunde ngapi, hata foleni ya chooni. Saa tano alikuwa na wageni, wenye hospitali kadhaa, na alikuwa amekuja kuchukua ule mstari wa kijani aende kuwatoa nao udenda. Aliona nyuso za wale wawili, akaona simu iliyolala chali mezani, akapunguza hatua.

"Kuna nini?"

Fundi alimweleza kwa kunong'ona, mkono wake umefunika simu. Alieleza vibaya, akiruka mbele na kurudi nyuma, lakini Bwana Sekunde hakuwa mjinga. Alielewa kwenye sentensi ya tatu.

"Na huyo mama aliyekaa kitini..."

"Ni mama yangu."

Bwana Sekunde alijikuna shingo. "Wote wana namba moja," alisema taratibu. "Kule kituoni hakuna anayejua kiti ni cha nani."

"Hakuna."

"Ni sisi watatu tu." Akageuka akaelekea dirishani, akasimama anaangalia maegesho ya magari kana kwamba kuna cha kutazama. "Mimi sijaingia humu. Bado niko kwenye ngazi."

"Na mimi masikio yangu ni ya zamani," Mkongwe akasema, akirudi mezani kwake.

Walikuwa wanampa zawadi, na walimpa kwa upendo. Fundi akawachukia wote wawili, maana walimwachia kila kitu peke yake. Mstari mmoja ungetosha. Kufuta namba ya kadi ya mwanamume, kuandika namba ya kadi ya mama, kubonyeza. Hata Bwana Sekunde asingelalamika kuhusu muda. Aliangalia vidole vyake, akaona vimekwisha kujipanga juu ya kibodi, akaviondoa, akavikalia.

"Dakika tatu zimekwisha," muuguzi alisema kutoka mezani.

Fundi alinyanyua simu. "Sista, hali zao zikoje? Nani mgonjwa zaidi?"

"Wote wamevimba. Wote mara ya mwisho ni Jumatano. Usinitwishe mzigo huo, mimi si daktari, na daktari yuko chumba cha upasuaji. Mimi nafuata mfumo. Mfumo unasemaje?"

Aliogopa. Hakuwa anaogopa kufukuzwa kazi, kazi hupatikana. Aliogopa miguu ile iliyovimba, mito ile mitatu, na kikohozi kinachokwama njiani. Aliogopa kwamba jioni mtu angempigia simu na kuanza kwa kumwambia akae chini. Na kwa wakati ule ule aliogopa kumsikia yule mwanamke wa mlangoni, mke wa yule baba, ambaye hajamwona na hatamwona, akimuuliza mumewe wafanye nini sasa.

"Kiti ni cha baba," alisema.

"Sema tena, spika inakwaruza."

Mungu anajua jinsi mara ya pili ilivyokuwa ngumu kuliko ya kwanza. "Kiti ni cha baba. Yeye ndiye aliyeandikiwa. Mama alipewa nakala ya jibu la baba. Hajakosea yeye, tumekosea sisi. Nimekosea mimi."

Miguu ikasogea sakafuni. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema kutoka mbali, mlangoni, "Asante, mwanangu. Mungu akuweke." Shukrani ile ilimchoma Fundi kuliko tusi.

"Nipe mkono niinuke," mama akasema.

"Mtoto wa kuzaa!" Mama mdogo alikuwa amepandisha sauti, na mama mdogo akipandisha sauti, hata majirani wa mtaa wa pili hufunga madirisha. "Mtoto wa kuzaa mwenyewe! Tumbo hili hili, miezi tisa! Wageni wanapewa kiti, mama yake anatolewa kama mzigo!"

Kikohozi kikapanda, kikakwama, kikashuka. Mama alisogea karibu na simu. Fundi alijua kwa pumzi.

"Umemsikia mama yako mdogo?"

"Nimemsikia, mama."

"Mimi sina pumzi ya kusema. Ningekuwa nayo, ningesema kumzidi yeye."

Simu ikakatwa. Fundi alibaki ameishika sikioni, akisikiliza ule mlio mmoja mrefu, mpaka Mkongwe alipokuja akaitoa mkononi mwake na kuirudisha mahali pake.

"Nazima," Fundi alisema. Hakuwa anaomba ruhusa.

Bwana Sekunde aliutazama mstari wa kijani kwa huzuni ya mtu anayeangalia gari lake likiuzwa. Akatazama saa ya ukutani. "Wageni watakuta sekunde kumi na moja."

"Watakuta kumi na moja."

"Basi zima," alisema, akakaa juu ya ukingo wa meza. "Zima, nitajua cha kuwaambia."

Akazima. Maswali yote yakarudi kwenye bahasha zake, mashine ya kati ikawa tena haijui kitu, na mstari wa kijani ukaanza kupanda taratibu kwenda mahali pake pa zamani. Mkongwe alipitia daftari lote la asubuhi, mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo, akitafuta majibu mengine ya kuna-kiti yaliyotolewa mara mbili. Hakuna. Waliobaki wa kituo kile waliuliza zamu tofauti, au walichelewa ile dakika moja ya nakala. Walinusurika kwa bahati tu, na Fundi alijua bahati si kazi ya fundi.

Sasa mama alikuwa kwenye benchi la koridoni. Muuguzi, ambaye hakuwa na lawama hata chembe, alikuwa amemvalisha barakoa ya oksijeni, akamwambia mama mdogo amwite mara midomo ikianza kubadilika rangi. Hayo mama mdogo aliyasema kwenye simu yake ya mkononi, Fundi alipompigia, kwa sauti ambayo haikuwa na matusi tena. Sauti ile isiyo na matusi ndiyo iliyomtia Fundi hofu kuliko zote.

"Usikate, mama mdogo. Niweke hapo, mimi natafuta."

Alitafuta kama mtu yeyote, kwa kadi ya mama, kwenye ukurasa ule ule wa wagonjwa. Angeweza kupita mlango wa nyuma na kumng'oa mtu kitini. Funguo alikuwa nazo. Hakwenda huko, wala sitamsifu kwa hilo. Mtu akishaungua hachezi na jiko mchana ule ule.

Kituo cha karibu zaidi. Kiduara kikazunguka. Moja, mbili, tatu. Alikuwa ameishi na sekunde hizi miaka mitatu na kuzipima kwa kila kipimo, lakini hakuwahi kuzisubiri akiwa na mgonjwa sikioni. Kumi, kumi na moja. Hakuna kiti. Kituo cha pili, kwenye hospitali ya misheni. Kiduara. Mama mdogo alikuwa anahesabu kitu kwa kunong'ona, labda pumzi za dada yake, labda sala. Hakuna kiti. Kituo cha tatu hakikujibu kabisa, kikamrudishia maandishi mekundu, akauliza tena, kikajibu: hakuna.

"Vipi?" Mama mdogo aliuliza.

"Bado."

"Vidole vimekuwa baridi, mwanangu. Nimevisugua, bado ni baridi."

"Natafuta, mama mdogo. Natafuta."

Mkongwe alikuwa amesimama nyuma yake. Bwana Sekunde alikuwa ametoka kuwapokea wageni wake, na kupitia ukutani sauti yake ilisikika ikichangamka kwa nguvu.

Kituo cha nne kilikuwa mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa teksi ikiwa barabara haina matatizo. Kiduara kikazunguka. Sita, saba. Fundi alijikuta amefumba macho, akayafumbua kwa lazima. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, kwa nini kumi na mbili? Ndipo jibu likaja.

"Mpe simu mama."

Palikuwa na mkwaruzo wa barakoa kuvutwa pembeni.

"Mama, nimepata. Mji wa pili. Kiti namba mbili, saa tisa alasiri. Mama mdogo aite teksi sasa hivi, mwombe Sista awape mtungi wa oksijeni wa safari, mtawahi."

Mama alivuta pumzi, akaiachia. "Cha nani hicho?"

"Chako, mama."

"Asubuhi ulisema hivyo hivyo."

Ilikuwa kweli, na aliyeisema alikuwa na haki ya kuisema. Fundi alifungua orodha yenyewe kwenye seva ya mbali, ile inayoandika kila kiti na kadi ya mwenye nacho, akangoja ifunguke, akatafuta kituo cha mji wa pili, saa tisa, kiti namba mbili.

"Toa kadi yako, mama. Nakusomea namba iliyoandikwa hapa, wewe fuatisha kwa kidole."

Alisoma tarakimu moja moja, na huko koridoni mama mdogo alizirudia kwa sauti, kidole cha mama kikipita juu ya kadi. Sifuri. Saba. Saba. Mbili. Nne. Walipofika ya mwisho, mama mdogo alisema, "Ndiyo yenyewe, dada, ndiyo hii," na akaanza kulia.

Mama hakulia. Alipumua mara mbili, akikusanya nguvu.

"Soma tena," alisema.

Tarakimu zilikuwa bado mbele ya macho ya Fundi, zimekaa kwenye kioo, angezisoma zote kwa pumzi moja. Hakuzisoma. Aliifuta orodha, akaiuliza seva upya, kiduara kikaanza kuzunguka, na wote watatu wakangoja kwenye simu, mama akihema, mpaka jibu lilipofika.